Nafasi Ile Ilikuwa ya Nani?

Mhariri aliponiomba niandike kuhusu riadha, nadhani alitarajia makala ya faida za mazoezi kwa mwanafunzi wa Kiislamu. Atanisamehe. Nina swali moja lililonikaa kifuani tangu muhula uliopita, na kila nikiligeuza linanipeleka Atlanta, Marekani, kwenye Olimpiki ya mwaka 1996, kabla mimi sijazaliwa.

Warundi wenzangu hapa chuoni wanakijua kisa hiki. Waganda na ndugu zetu wa Kongo wengi hawakijui, kwa hiyo nikisimulie kwanza.

Vénuste Niyongabo alikuwa mkimbiaji wa mita 1,500, tena si wa hivihivi. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya dunia kule Göteborg, alipata medali ya shaba, na waliomtangulia ni wawili tu: Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Burundi ilikuwa vitani tangu 1993. Kamati yake ya Olimpiki ilitambuliwa mwaka huohuo wa 1993, na Atlanta ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza. Kama kulikuwa na medali ya kutumaini, basi ilikuwa miguuni mwa kijana huyu wa miaka 22, na ilikuwa katika mita 1,500.

Sasa kulikuwa na mtu mwingine, Dieudonné Kwizera, aliyemzidi Niyongabo kwa umri. Huyu alikuwa na kasi katika miaka ambayo nchi yake haikuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 1988, Seoul, hakukimbia. Mwaka 1992, Barcelona, hakukimbia. Hakuna aliyemshinda, ni kwamba Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa, na mtu hawezi kujipeleka mwenyewe. Mlango ulipofunguka, miaka yake mizuri ilikuwa imeshapita.

Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1,500. Yeye akahamia mita 5,000, mbio ambazo hadi hapo alikuwa amezikimbia mara mbili tu.

Kwizera akakimbia, na hakufika fainali. Niyongabo akafika fainali ya mita 5,000 tarehe 3 Agosti, akachomoka katika mzunguko wa mwisho, na Paul Bitok wa Kenya akamfukuza mpaka kwenye mstari bila kumpata. Dakika 13 na sekunde 7.96. Bitok alikuwa nyuma yake kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki, na ikawa ya dhahabu.

Baba yangu ni fundi cherehani wa Buyenzi, pale Bujumbura. Siku tisa kabla ya mbio zile serikali ilikuwa imepinduliwa, watu walikuwa na mengi ya kuogopa, na wateja walikuwa hawaji. Baba husema asubuhi ile watu walisalimiana kwa jina la Niyongabo kwanza, salamu zenyewe zikafuata baadaye. Kisa hiki ametusimulia mara nyingi sana, na kila mara humalizia kwa maneno yaleyale: "Umeona? Aliyetoa akapewa."

Nimekua nikiyapenda maneno hayo. Siku hizi yananikera.

Nieleze kwa nini. Muhula uliopita chuo chetu kilikuwa na nafasi mbili za mita 1,500 kwenye michezo ya vyuo vikuu. Tukafanya mchujo kwenye uwanja wetu wa nyasi, nikawa wa pili. Wa tatu, kwa chini ya sekunde moja, alikuwa mwenzetu wa mwaka wa mwisho, ambaye hapa nitamwita Kaka, maana ndivyo nilivyozoea kumwita. Mwaka wake wa kwanza michezo haikufanyika. Mwaka wa pili alikuwa timuni, begi limeshafungwa, jina likaondolewa asubuhi ya safari kwa sababu ada yake haikuonekana kwenye mfumo. Ikaonekana baada ya siku tatu, timu ikiwa imeshaondoka. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Kaka hakuniomba kitu. Kocha ndiye aliyenivuta pembeni, akaniambia, "Wewe una miaka miwili mbele. Ukitaka kumwachia mwenzako, mimi sina neno. Usipotaka, pia sina neno." Nikamwambia anipe siku mbili. Nikasali istikhara. Sikuona ndoto wala ishara yoyote. Nikaenda mimi.

Jioni ya kuamkia safari Kaka alikuja chumbani na viatu vyake vya spaiki, kwa sababu vyangu vilikuwa vimeachana soli. Akaniambia, "Usitoke mbele mapema." Nilitoka mbele mapema, nikamaliza wa tisa.

Basi swali ni hili: je, nilikosea? Mtu mwenye nafasi aliyoipata kwa haki, ana wajibu gani kwa mwenzake ambaye aliikosa yake bila haki?

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na mtu wa fani hii akijihisi na kosa huwa hakosi kitabu cha kujifichia. Mahali pa kwanza nilipojificha ni kwenye kanuni tuliyofundishwa katika qawaid: ithar, yaani kumtanguliza mwenzako kuliko nafsi yako, inachukiza katika mambo ya ibada na inapendeza katika mengine. Ukiwa umewahi safu ya kwanza, usimpishe mtu huku ukirudi ya pili. Ukiwa na maji ya udhu ya kumtosha mmoja, na wakati wa swala umeingia, tawadha wewe. Kanuni hii niliipenda sana wiki ile. Kwenye mambo ya kheri, nikajiambia, watu wanatakiwa washindane, si wapishane.

Lakini niulizwe: mita 1,500 ni ibada? Naweza kunia nia njema, ndiyo. Hata anayelala mapema ili aamke alfajiri ana nia njema, na hakuna anayesema kitanda cha bweni ni safu ya kwanza. Nafasi ya timu ni jambo la dunia, na kwa kanuni hiihii niliyoikimbilia, katika jambo la dunia kumwachia mwenzako ndiko kunakopendeza. Kanuni niliyoishika kama ngao ikanigeukia.

Nikahamia hoja ya pili, ambayo nadhani ni nzito zaidi, na inamgusa Niyongabo kuliko mimi. Ansari wa Madina wanaosifiwa katika Surat al-Hashr waliwatanguliza wageni wao kwa vilivyokuwa vyao: nyumba zao, mitende yao, chakula chao, hali wenyewe wana shida. Walichotoa kilitoka mfukoni mwao. Lakini nafasi ya Olimpiki ni ya nani? Jezi ina jina la nchi. Waliokuwa Buyenzi na kwingineko Burundi, wakiwa hawajui kesho yao, nao walikuwa na fungu katika mbio zile. Je, mtu anaweza kuwa mkarimu kwa mali ya amana? Ukinipa fedha nikutunzie, nikamkuta maskini njiani nikampa, maskini atafurahi, lakini wewe utanidai, na sheria itasimama upande wako.

Nimelifikiria hili sana, na naona Niyongabo anapona kwa jambo moja: hakutoroka na amana. Kubadilisha jina la mshiriki si jambo la wanariadha wawili kukubaliana chini ya mti. Jina la Kwizera halikuandikwa bila wakubwa wa timu kuridhia. Mwenye mali akiruhusu, aliyebaki kuamua ni mtoaji na nafsi yake.

Na hapo hoja yangu ya pili ikaanguka kwangu vilevile. Kocha aliruhusu. Alisema hana neno.

Wapo watakaosema, na mmoja ameshaniambia msikitini, kwamba kwenye mashindano hakuna kuachiana kabisa, kwamba huruma inaharibu mchezo. Huyu namkubalia nusu. Nusu ninayomkubalia ipo katika kisa cha Salama bin al-Akwa' (r.a.), ambaye kwa maoni yangu ndiye mwanariadha hasa katika masahaba. Walikuwa wanarudi Madina kutoka Dhi Qarad, ambako Salama alikuwa amewafukuza wavamizi kwa miguu yake peke yake. Njiani Ansari mmoja, ambaye hakuna aliyekuwa akimpita kwa mbio, akawa anauliza kama kuna wa kushindana naye mpaka Madina. Akaendelea kuuliza. Salama alikuwa amepanda ngamia nyuma ya Mtume (s.a.w.), akaomba ruhusa, akaruka chini. Mwanzoni alijizuia, akaweka pumzi yake kwa kilima kimoja au viwili, kisha akafungua miguu mpaka akamfikia yule bwana, akampiga begani kwa nyuma kumjulisha kwamba ameshindwa. Akamtangulia Madina.

Hakumwonea haya wala hakupunguza mwendo ili mwenziwe asifedheheke, na hakuna aliyemlaumu. (Na angalieni alivyokimbia: hakutoka mbele mapema. Karne kumi na nne kabla ya Kaka.) Kwa hiyo ndani ya mbio adabu ni kukimbia kweli. Anayepunguza kasi ili mwenzake ashinde amempa ushindi wa bandia, na amewadanganya wote wanaotazama.

Ila Niyongabo hakupunguza kasi. Alichotoa alikitoa mlangoni, si uwanjani. Kwizera alisimama kwenye mstari na wakimbiaji ambao hawakumhurumia, akakimbia nao, wakamshinda. Hakupewa matokeo. Alipewa haki ya kushindwa kama wanaume wengine, jambo ambalo mwaka 1988 na 1992 alinyimwa. Ukitaka kujua kama hilo ni dogo, muulize mtu ambaye jina lake liliondolewa asubuhi ya safari.

Nirudi sasa kwa maneno ya baba, aliyetoa akapewa. Ubaya wake ni kwamba yanategemea sehemu mbili za kumi za sekunde. Tuseme Bitok angekuwa na hatua mbili zaidi katika miguu yake. Tuseme Niyongabo, mgeni katika mita 5,000, angechoka akamaliza wa nane. Baba angetusimulia nini? Nadhani asingetusimulia kitu, au angetusimulia kisa cha kijana mpumbavu aliyetupa medali ya nchi kwa kumwonea huruma mtu ambaye hata fainali hakufika. Kitendo kingekuwa kilekile, na nia ileile, na Kwizera yuleyule. Kilichobadilika ni dhahabu tu, na dhahabu ilikuja baada ya uamuzi, haikuwepo wakati anaamua.

Tarehe hiyohiyo ya 3 Agosti ilikimbiwa pia fainali ya mita 1,500. El Guerrouj alijikwaa kwenye mguu wa Morceli mzunguko wa mwisho ulipokuwa ukianza, akaanguka, akamaliza wa mwisho. Morceli akashinda. Kuna watu hupenda kupiga hesabu: Niyongabo angekuwepo angepata hiki, au angeanguka na yeye. Hesabu hizo ni za kijiweni. Lakini zinanionyesha kitu: hata mwenye kasi kuliko wote hakuwa na uhakika wa kilichomo ndani ya nafasi yake. Niyongabo aliachia kitu asichokijua, akaenda kwenye kitu asichokijua.

Ukitaka mtu aliyetoa asipewe, huna haja ya kwenda mbali. Waganda mnaye. Tokyo, mwaka 2021, fainali ya mita 10,000. Joshua Cheptegei alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, 26:11.00, aliyoiweka Valencia tarehe 7 Oktoba 2020. Rekodi ile aliiweka akisaidiwa na wadhibiti kasi, wale wanaolipwa kukimbia mbele kwa mwendo uliopangwa kisha wakatoka, na taa zikiwaka pembeni ya uwanja kumwonyesha kasi. Sisemi hivyo kuipunguza; ndivyo rekodi za siku hizi zinavyowekwa, na alivunja iliyodumu miaka kumi na tano. Lakini kwenye Olimpiki hakuna wadhibiti kasi na hakuna taa. Siku ile Stephen Kissa, Mganda wa tatu katika mbio zile, alichomoka mapema na kuongoza peke yake ili mbio ziwe za kasi kwa faida ya wenzake, na baadaye akatoka uwanjani bila kumaliza. Alieleza mwenyewe kwamba ulikuwa mpango wa timu. Cheptegei akapata fedha, Jacob Kiplimo shaba, na dhahabu ikaenda kwa Selemon Barega wa Ethiopia.

Kwenye karatasi ya matokeo jina la Kissa halina muda. Mwenzangu wa chumbani, Mganda, tulibishana naye hadi saa saba usiku kama yule alitoa au alitumwa. Yeye anasema mpango wa timu si sadaka. Mimi nasema hata aliyetumwa ndiye aliyefanya mazoezi miaka yote ile, na mapafu yaliyoungua yalikuwa yake. Hatukuafikiana. Tuliafikiana kwenye jambo moja tu, kwamba ukimpima Kissa kwa kipimo cha baba yangu, anapotea kabisa, na kipimo kinachompoteza mtu kama huyo kina kasoro.

Imebaki hoja ya mwisho, na hii ndiyo ninayoishika mpaka leo, ingawa si kwa mikono miwili. Nani alikuwa na deni la Kwizera? Si Niyongabo. Mwaka 1988 Niyongabo alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne. Dhuluma, kama tutaiita dhuluma, ilitokana na nchi kutokuwa na kamati iliyotambuliwa, na wakubwa kuchelewa. Deni la wakubwa likaja kulipwa na kijana kutoka kwenye fungu lake. Na hapa chuoni, sikuwa mimi niliyeshindwa kuona malipo ya Kaka kwenye mfumo. Kuna meza na kuna mtu aliyekuwa amekaa nyuma yake. Mtu huyo hakuvutwa pembeni na kocha, hakuambiwa atoe chochote. Naona hatari katika tabia yetu ya kuwasifu wanaojitolea: taasisi inakosea, kisha inamtafuta mwenye moyo laini ili afukie shimo, na tukimaliza kumpigia takbir hakuna anayekumbuka kuuliza shimo lilichimbwa na nani. Jumuiya yetu hii ingefanya kheri kubwa zaidi kwa kumfuatilia yule wa kwenye meza kuliko kwa mawaidha ya ithar.

Naamini hivyo. Kisheria sikuwa na dhambi. Ithar si faradhi, na jambo ambalo mtu anaweza kudaiwa si ithar tena. Nimemuuliza ustadhi wetu na yeye amesema hivyohivyo, kwa maneno machache kuliko yangu.

Lakini Niyongabo hakuuliza deni ni la nani. Au aliuliza, akaona jibu halimsaidii Kwizera, ambaye alikuwa na mwaka ule tu. Na mimi, nikiwa mkweli mbele ya karatasi hii, hoja zote hizi nilizipata baada ya kurudi. Siku zile mbili kocha alizonipa sikufikiria amana wala qawaid wala wa kwenye meza. Nilitaka kwenda. Nilifikiria basi la timu, jezi mpya, na picha nitakayomtumia mama. Istikhara yenyewe niliisali begi likiwa limeshafungwa. Tena niongeze hili: kama ningemwachia, nahofia ningemwambia kila mtu, na leo mngekuwa mnasoma makala nyingine kabisa, yenye harufu ya kujisifu. Wallahu a'alam ni ipi ingekuwa mbaya zaidi kwangu.

Kaka alihitimu mwaka huu na amerudi kwao Kasese. Viatu vyake vya spaiki bado ninavyo, chini ya kitanda. Aliniambia nitamrudishia tukionana. Wiki iliyopita nilimpigia simu nimwombe ruhusa ya kuandika haya. Akasema niandike, ila nisitaje jina. Kisha akaniuliza kuhusu zile mbio, maana hatukuwahi kuzizungumza. "Ulitoka mbele mapema?"

Nikamwambia, ndiyo, Kaka.

Akacheka mpaka salio langu likaisha.